Kolwezi ya mu filme na Kolwezi yetu

Wahenga walisema: mwamba ngoma huvutia kwake. Njo maana kwetu, mzee akieleza habari ya zamani, wale walioiona wanamsahihisha palepale: "Hapana, haikukuwa vile." Tufuate desturi hiyo mbele ya filme moja, "La Légion saute sur Kolwezi", aliyoitoa Raoul Coutard mwaka 1980 na ambayo watu wengi waliiona kwenye televizio.

Kosa la kwanza, hata mtoto wa Manika ataliona. Filme ilipigwa mu Guyane ya Ufaransa, kule Amerika ya Kusini, inchi ya pori la mvua pembeni ya bahari. Kolwezi iko juu, karibu metre 1.400, mu miombo, na katika mwezi wa tano mvua imekwisha kukatika. Askari wa Lejioni walioruka tarehe 19 Mei 1978 waliangukia mu majani marefu na vichuguu. Mzaliwa wa hapa akiangalia, atasema: "Ile haiko kwetu."

Lakini kosa hilo tunalisamehe. Coutard alikuwa fundi wa kamera, tena alipiga picha za vita kule Indochine. Wengine pia walifanya kama yeye: "Lumumba" ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, filme ya mwaka 2016 juu ya vita vya Jadotville, ni kusema Likasi, ilipigwa Afrika ya Kusini. Filme inaweza kukopa kichuguu cha jirani na bado ikasema kweli.

Kosa lenye kutuumiza liko katika jina lenyewe. Lejioni inaruka, Kolwezi inarukiwa. Hadithi inafuata wazungu wenye kungojea wokovu na askari wenye kuwaletea. Sisi wenye mji tunakuwa kama miti ya Guyane, tunapita nyuma ya picha.

Kwetu mambo hayakuanzia angani. Tunaiita vita ya siku sita, kwani mwaka 1977 ilitangulia ile ya siku makumi nane. Watu wa FNLC ya Nathanaël Mbumba, walioingia tarehe 13 Mei, walitoka Angola, lakini kati yao walikuwa wajandarme wa zamani wa Katanga pamoja na watoto wao. Kwa familia fulani, adui alikuwa pia ndugu. Tarehe 17 Mei, siku mbili mbele ya Lejioni, askari wa Zaire chini ya meja Mahele walikamata daraja la Lualaba na kufika kwenye uwanja wa ndege. Wazungu zaidi ya mia moja walikufa, na tunawalilia. Waafrika waliokufa ni wengi kuwapita, kwa mamia. Nani atapiga filme yao?

Filme inaishi kupita mtu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia makumi saba. Akienda na habari zake, watoto wetu watabaki na Guyane tu.

Basi tusiifiche filme hii. Tuionyeshe shuleni na katika mitaa, wazee wakikaa mbele. Kila mzee akisema "haikukuwa vile", tuisimamishe, tumwulize ilikuwa namna gani, tuandike. Filme hii itachukua siku nzima, na siku hiyo haitakuwa ya bure.