Wavu Usiomnasa Mtani

Mwaka 1954 J. A. Barnes, mtaalamu wa elimu ya jamii, alichapisha makala juu ya Bremnes, parokia ya kisiwani katika Norwe, ambako wanaume wengi walikuwa wavuvi. Aliona kuwa kazi ya baharini ilikuwa na vyombo na manahodha wake, na utawala ulikuwa na kamati na mipaka yake. Lakini udugu, urafiki na ujuano havikuwa na mkubwa wala ukingo. Akavifikiri kama nukta zilizounganishwa kwa mistari, akavipa jina ambalo sisi leo twalitaja kwa neno mtandao. Mwaka 1969 J. Clyde Mitchell, aliyekwisha kuandika juu ya vijiji vya Wayao wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, alihariri kitabu kilichoipeleka fikira hiyo katika miji ya Afrika ya Kati.

Sifa ya fikira hii ni kubwa, na pwani ya Mtwara yaithibitisha. Mchora ramani husimamisha kalamu yake katika mto Ruvuma, lakini Wamakonde na Wamakua wako ng'ambo zote mbili, na udugu wao huvuka maji. Mtafiti aliyefungwa na mpaka wa kijiji au wa nchi angeukata uzi palepale unapoanza kuvuta. Barnes alitufundisha kuufuata.

Kasoro haimo katika fikira; imo katika swali. Watafiti wengi waliofuata nyayo hizo humtaka mtu ataje majina: Ukiwa na shida hukopa kwa nani? Jambo likikutatiza hushauriana na nani? Kisha majina huhesabiwa. Njia hii humpata jirani, rafiki na mjomba, ambaye kwa Wamakonde, wenye kufuata ukoo wa mama, ana neno zito. Humkosa mtani. Utani si wa fulani na fulani tu. Ni wa kabila na kabila, au ukoo na ukoo. Mtani wangu aweza kuwa mtu nisiyemjua hata jina, naye akafika msibani kwangu, akanifanyia mzaha katikati ya kilio, akatwaa kitu bila kukemewa, akashika kazi ya mazishi. R. E. Moreau, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa katika elimu ya ndege, aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, miaka kumi kabla ya makala ya Barnes, akaonyesha kuwa utani mwingi ulitokana na vita vya zamani. Uzi kama huo haumo katika orodha ya marafiki. Umo katika historia.

Je, hasara yake nini? Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma iliundwa mwaka 2000, na kanuni zake zagusa riziki ya wavuvi. Mahali kama hapo mchoro wa mtandao si pambo la kitabu. Waweza kutumika kuamua nani aitwe barazani, na nani ahesabiwe kuwa ana wa kumsaidia. Mjane aliyetaja majina mawili ataonekana mpweke. Na mwenye duka aliyetajwa na wengi ataonekana nguzo ya kijiji, hali wengi wamemtaja kwa sababu ya deni.

Basi yafaa mtafiti aanze na tukio kabla ya jina. Siku ya msiba wako wa mwisho, nani alichimba kaburi, nani alileta unga, na kila mmoja alikuja kwa haki gani? Haki hiyo haihesabiki kwa urahisi. Lakini asiyeiuliza atachora mistari mingi bila kujua hata mmoja wavuta nini.