Kesi ya S.M. Otieno: jinsi swali lilivyogeuzwa

Kesi ya maziko ya S.M. Otieno husimuliwa zaidi kama vita kati ya mjane wa Kikuyu na ukoo wa Kijaluo. Masimulizi hayo yana ukweli wake, ila hayaelezi kwa nini ukoo ulishinda. Mimi naisoma kama kazi ya mawakili wawili: John Khaminwa aliyemtetea mjane, na Richard Kwach aliyesimama na ukoo. Nikiipitia hatua kwa hatua naona kwamba Khaminwa alijibu vizuri swali moja, lakini Kwach alikuwa ameshawapa majaji swali jingine.

Otieno, wakili wa Nairobi aliyevuma kwa kesi za jinai, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager. Mkewe, Wambui, alitoka katika familia ya Waiyaki na alishiriki harakati za Mau Mau. Walikuwa wamefunga ndoa ya serikali mwaka 1963. Wambui alitaka kumzika mumewe kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng Ougo, na Omolo Siranga aliyeuwakilisha ukoo, walisema mahali pake ni Nyalgunga, Siaya, alikozikwa baba yake. Matangazo ya redio yalipoanza kupingana, Wambui alikwenda Mahakama Kuu kabla mwaka haujaisha. Marehemu, pamoja na uanasheria wake wote, hakuacha wosia.

Mwanzoni mwa Januari 1987 Jaji Frank Shields alimpa Wambui amri ya kumzika mumewe. Hapo kesi ingeweza kwisha, kwa sababu maiti ikishazikwa mahakama yoyote husita kuamuru ifukuliwe. Kwach alikimbilia Mahakama ya Rufaa, akafanikiwa kuiondoa amri ile. Mwili ukabaki mochwari, na shauri likarudishwa lisikilizwe kwa ushahidi kamili. Kwa ukoo hilo lilikuwa jambo kubwa sana. Katika maombi ya haraka yanayoamuliwa kwa viapo vya maandishi, mke wa ndoa halali ana nguvu kuliko shemeji. Katika kesi ya mashahidi, wazee wa ukoo wangepata nafasi ya kusema.

Ndani ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi hii mna hoja ambayo mawakili wa mirathi wa Kenya wanaitaja hadi leo. Mtu akifa bila wosia, msimamizi wa mirathi hupata mamlaka yake kutokana na hati ya mahakama. Kabla ya hati hiyo hawezi kushtaki kama msimamizi, na akishtaki, shauri lake ni bovu tangu siku lilipofunguliwa. Msimamizi aliyetajwa katika wosia ni tofauti: mamlaka yake huanza mara tu mwenye wosia anapokata roho. Sasa tazama Wambui alivyobanwa. Ombi la hati lilipaswa kutangazwa katika Gazeti la Serikali na kusubiri pingamizi kwa muda usiopungua siku 30. Maiti ipo mochwari, waombolezaji wapo nyumbani, na karatasi inayompa mjane sauti bado haijatoka. Karatasi moja yenye sahihi ya Otieno na jina la mkewe kama msimamizi ingeufunga mlango huo. Nasema hivi kwa uchungu, kwa maana marehemu alikuwa akiijua sheria.

Kesi kamili ilisikilizwa na Jaji S.E.O. Bosire. Khaminwa aliijenga juu ya kanuni ya Kiingereza: maiti si mali ya mtu, lakini anayesimamia mirathi ndiye mwenye wajibu wa kuzika, na kwa hiyo ndiye mwenye haki ya kukabidhiwa mwili. Aliongeza kwamba Otieno alikuwa mtu wa kisasa aliyeyaacha maisha ya kimila: alisomea sheria India, alipenda Shakespeare, alifunga ndoa ya mke mmoja na mwanamke wa kabila jingine, na alilea watoto wake mjini. Mashahidi walieleza kwamba aliwahi kutamka kuwa anataka kuzikwa Upper Matasia.

Kwach hakupoteza muda kukanusha kwamba Otieno alivaa suti na kusoma Shakespeare. Aliifungua Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967, kifungu cha 3. Kifungu hicho kinasema sheria ya Kiingereza itumike kadiri mazingira ya Kenya na watu wake yanavyoruhusu. Kinasema pia kwamba katika kesi za madai mahakama ziongozwe na mila pale mhusika mmoja au zaidi anapokuwa mtu wa mila hiyo au anapoguswa nayo, mradi mila isipingane na haki na maadili wala na sheria iliyoandikwa. Sheria ya Urithi haikusema chochote kuhusu nani azike. Pengo likawa wazi, na Kwach akasema pengo hilo linajazwa na mila ya marehemu. Kwa hoja hiyo, swali la haki za mke liliwekwa kando na nafasi yake ikachukuliwa na swali la Otieno alikuwa nani. Na kwa swali hilo Wambui hakuwa na jibu la kisheria, kwa sababu hakuna sheria iliyoeleza namna Mjaluo anavyoacha kuwa Mjaluo.

Kilichobaki kilikuwa kuithibitisha mila yenyewe, na hapo ndipo ninapoona ufundi mkubwa zaidi. Mila haithibitishwi kwa wakili kuitaja. Lazima waje watu wanaoiishi. Kwach aliwapanga mashahidi wa aina mbalimbali. Alimleta Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, msomi ambaye hakuna aliyeweza kumwita mshamba, aeleze mila za Wajaluo. Kuwepo kwake tu kizimbani kuliidhoofisha hoja kwamba elimu humtoa mtu katika mila. Alimleta pia mchimba kaburi wa kijijini, aliyedai kwamba Otieno mwenyewe alimwambia kuwa siku moja atamchimbia kaburi kando ya baba yake. Ushahidi huo ulipangwa ukabiliane na ule wa mjane kuhusu kauli za marehemu. Neno la mdomo likakutana na neno la mdomo, na katikati ikabaki mila.

Uzito mkubwa ulikuwa katika tofauti ya nyumba na boma. Mashahidi wa ukoo walieleza kwamba Mjaluo anaweza kujenga au kununua nyumba popote, lakini boma huanzishwa kwa taratibu zake, na baba au wazee wa ukoo wana sehemu yao katika taratibu hizo. Otieno alikuwa na nyumba Nairobi na shamba Ngong; boma la kimila hakuwa ameanzisha. Hivyo nyumbani kwake kisheria, kwa macho ya mila, kulibaki kwa baba yake. Tofauti hiyo ilizipokonya nyaraka za ardhi za Wambui nguvu zake zote. Hati ya shamba inathibitisha umiliki, na umiliki haukuwa tena jambo linalobishaniwa.

Katiba ya wakati ule haikumsaidia Wambui. Kifungu cha 82 kilikataza ubaguzi, kisha kikazitoa nje ya katazo hilo sheria zinazohusu ndoa, talaka, urithi na, kwa kulitaja wazi, maziko. Bosire aliamua kwa ukoo Februari 1987. Majaji Nyarangi, Platt na Gachuhi wa Mahakama ya Rufaa waliitupa rufaa ya Wambui tarehe 15 Mei, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, miezi mitano baada ya kufa.

Naamini Wambui alinyimwa haki, na naamini pia kwamba hoja bora ya kumtetea ilikuwamo ndani ya kifungu kile kile cha Kwach. Sheria ilisema mahakama ziongozwe na mila. Haikusema zifungwe nayo. Jaji anayeongozwa ana nafasi ya kupima: mke aliyeishi na marehemu zaidi ya miaka 20 ana uzito gani mbele ya mila isiyompa sauti? Khaminwa alitumia nguvu nyingi kuonyesha kwamba Otieno alikuwa ametoka nje ya mila, na hilo lilimlazimu kushinda yote au kupoteza yote.

Sheria imesogea tangu hapo. Mwaka 2004, katika kesi ya Njoroge, Jaji Ojwang alisema anayetangulia katika wajibu wa kuzika ni yule aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, na mke akawa mbele. Katiba ya 2010 inabatilisha mila inayopingana nayo, na inawapa wanandoa haki sawa tangu kufunga ndoa, wakiwa katika ndoa na inapovunjika. Hoja ile ya hati ya usimamizi haijatikisika. Wakili wa Nairobi anayetaka kufungua shauri kwa niaba ya mirathi isiyo na wosia bado huanza kwa kuomba hati ya muda ya usimamizi, kisha ndipo anaandika madai.