Kusoma Tumbo la Gari Lililotumika: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Katavi

Ubora wa gari lililotumika mkoani Katavi hupimwa chini ya sakafu yake kuliko kwenye rangi, kwa sababu ingawa lami sasa inaiunganisha Mpanda na Tabora, magari mengi ya huko yamebeba magunia ya mpunga kutoka Mpimbwe kwa njia za udongo, ambazo wakati wa kiangazi hutimka vumbi laini na kuanzia Novemba hadi Aprili hugeuka tope. Ndiyo maana mnunuzi makini huanza kwa kulala chini akiwa na tochi.

Kwa pikapu kama Toyota Hilux, ambayo bodi yake imekalia chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini na mzigo, hukaguliwa kwanza pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, kwani mzigo uliozidi hulemea hapo. Mshono mnene wa kulehemu uliofunikwa kwa rangi mbichi ni ushahidi kwamba chuma kilikwisha kupasuka. Tumbo lililooshwa na kupakwa rangi siku chache kabla ya kuuzwa linastahili shaka kuliko lile lenye vumbi, maana vumbi ni shahidi mwaminifu: oili ikivuja, vumbi hulowa na kuganda mahali hasa panapovuja.

Vumbi hilohilo ndilo adui mkubwa wa injini. Chujio jipya la hewa halithibitishi chochote. Linapotolewa, kidole hupitishwa ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, na kikitoka na vumbi, basi hewa chafu imekuwa ikiingia na kusaga ringi za pistoni, vile vikuku vya chuma vinavyozuia oili isipande kwenye chumba cha kuunguzia mafuta. Uharibifu huo hudhihirika kwa moshi wa bluu, lakini ni lazima injini iwashwe ikiwa baridi kabisa, kwa kuwa muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla mteja hajafika amemnyima ishara nyingi.

Gari lililozama majini hutambulika kwa kuvuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake, mahali ambapo waoshaji hawafiki, na kutafuta alama ya tope. Reli za viti nazo hukaguliwa kutu.

Kuhusu umri, desturi ya kupandisha bei kwa kuwa gari ni «namba E» badala ya «namba D» hupotosha, kwani herufi hiyo huonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Kwa magari mengi ya Japani, mwaka unaokaribia ukweli husomwa kwenye lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa usalama, mradi mkanda huo haujabadilishwa.

Mwisho hulinganishwa namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi ya gari, na pale chuma kinapoonekana kimepigwa tupa kuzunguka tarakimu, ununuzi husitishwa papo hapo, hata bei ikishushwa hadi nusu.