Mafundi wa Mlimani

Ngazi za kazi ya kufundisha katika vyuo vikuu vyetu zinajulikana: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Sifa nyingi huenda kwa aliye juu kabisa. Mimi nataka kumsifu wa ngazi ya nne. Shahada ya uzamivu ameiacha nyuma miaka mingi, msimamizi wake wa zamani hamshiki mkono tena, na hakuna anayempangia la kutafiti. Hapo ndipo hujulikana kama mtu alikuwa na swali lake mwenyewe au alikuwa akijibu la mwingine. Na ili afike hapo, kufundisha vizuri peke yake hakumtoshi: maandishi yake hupelekwa kwa wasomi wa vyuo vingine, pengine watu ambao hajawahi kuonana nao, wayasome na waseme kama yanasimama.

Ukikusanya maandishi ya namna hiyo kutoka chuo kimoja tu, tuseme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, utadhani umeingia Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Kuna vyura, mwani, tenzi, mashauri ya ardhi, vigae vya vyungu vya miaka elfu na zaidi, barafu. Lakini ukivumilia kusoma, hata kwa fani usizozisomea, unaanza kuona kwamba wote hawa ni mafundi wa kazi moja. Wanatafuta swali dogo linaloweza kujibiwa, wanalifuata linakoishi, halafu wanaandika kwa namna ambayo mgeni anaweza kupita njia ile ile na akapinga walichokuta. Sisemi kila nitakayemtaja alikuwa profesa mshiriki alipofanya kazi ninayoisimulia. Kazi yenyewe ndiyo ninayoisifu.

Tuanze na chura. Katika milima ya Udzungwa, mto Kihansi huporomoka ndani ya korongo lenye msitu, na zamani manyunyu ya maporomoko hayo yalilowesha kingo zake usiku na mchana. Katika eneo hilo la majimaji, la hekta mbili hivi, waliishi vyura wa rangi ya dhahabu ambao hawajapata kuonekana kwa asili mahali pengine popote duniani. Mkubwa wao hafikii sentimita tatu. Hawatagi mayai kama vyura tuliowazoea. Huzaa watoto waliokwisha kuumbika. Wataalamu waliwaona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa unajengwa juu ya mto huo huo. Mwaka 1999 watafiti wanne walichapisha maelezo yaliyompa chura huyo jina la kisayansi. Mmoja wao alikuwa Kim Howell, mwalimu wa zuolojia wa Mlimani kwa miaka mingi.

Makala ya kumtambulisha kiumbe mpya haina mbwembwe. Inapima mguu, kichwa na vidole, inaeleza rangi ya mgongo na ya tumbo, inasema mfano uliopimwa umehifadhiwa wapi na jamaa zake wa karibu wanatofautiana naye kwa lipi. Msomaji aliyezoea riwaya ataifunga ukurasa wa pili. Mimi naistahi kupita maandishi mengi yenye madoido, kwa sababu kabla ya kurasa zile, aliyekuwa akinyunyiziwa na maporomoko ya Kihansi alikuwa chura tu, na chura tu hawezi kuombewa maji mbele ya mradi wa umeme wa taifa. Baada ya kurasa zile, hoja ilikuwa na mwenyewe.

Yaliyofuata yalikuwa magumu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalikatika. Mabomba yaliwekwa ili kuyaiga, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walipungua ghafla mpaka wakatoweka machoni, ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini. Kisha uzao wa wale 499 ukarudishwa Dar es Salaam, ukatunzwa chuoni, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa Kihansi. Hapo ndipo makala ile ya vipimo ilipoonyesha thamani yake tena: waliorudishwa wangeweza kulinganishwa, mguu kwa mguu, na walioandikwa 1999.

Mwanahistoria naye hupima, ila kipimo chake ni neno la mtu dhidi ya neno la mtu mwingine. Mwaka 1968 walimu wa historia Mlimani waliongoza wanafunzi kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Haraka yao inaeleweka kwa hesabu nyepesi: kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa sasa mzee wa miaka 78. Mafaili ya Wajerumani yangeweza kungoja miaka mingine hamsini. Wazee wasingeweza. G.C.K. Gwassa aliifanya kazi hii kwa kina kuliko wengi, akiwahoji wazee wa Umatumbini na Ngarambe, alikotoka Kinjikitile Ngwale, aliyewapa wapiganaji maji ya dawa. Katika masimulizi hayo kuna mashamba ya pamba ya lazima, kuna akida na viboko vyake, kuna kodi. Aliyekuwa akisoma mafaili ya watawala peke yake angebaki kudhani kwamba watu walirogwa tu na maji.

Ufundi hapa uko katika kusikiliza bila kumtia msimulizi maneno mdomoni, kuandika nani alisema, wapi na lini, na kuacha masimulizi mawili yanayopingana yabaki yanapingana pale ambapo hakuna ushahidi wa kuamua. Isaria Kimambo alitumia njia ya aina hiyo Upareni, na historia yake ya siasa ya Wapare ikatoka 1969. Wakati huo bado ilibidi kubishana na watu waliosema Afrika haina historia isipokuwa ya wageni.

Wengine nawapitia mbio, si kwa kuwadharau. M.M. Mulokozi alizitafiti tendi za nanga za Wahaya, ambamo mwimbaji, kinanda na hadhira ni sehemu ya utungo, na mtafiti anayeandika maneno peke yake anarudi nyumbani na nusu ya utendi. Penina Mlama alikwenda Malya, mkoani Mwanza, akashirikiana na wanakijiji kutunga michezo ya kuigiza juu ya matatizo yao wenyewe, halafu akaandika kwa uangalifu jinsi mambo yalivyokwenda. Keto Mshigeni alishughulikia mwani miaka mingi kabla wanawake wa Zanzibar hawajaanza kuulima kwa wingi na kuuza. Na kuna waliokaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili wakipanga vidahizo kimoja baada ya kingine mpaka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka 1981. Wengi tunaoifungua hatujui hata jina moja la waliofanya kazi hiyo.

Jambo moja linaniuma. Sehemu kubwa ya kazi hizi imeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Umatumbini alisimulia kwa lugha yake, na mjukuu wake anayetaka kujua babu alisema nini anahitaji tafsiri. Majarida kama Kiswahili na Mulika yamethibitisha kwamba hoja nzito za lugha na fasihi zinabebeka vizuri kwa Kiswahili. Sioni kwa nini za chura zisibebeke. Kamati zinazopandisha watu vyeo zingeihesabu makala ya Kiswahili sawasawa na nyingine, maprofesa washiriki wangeziandika.

Nimeacha barafu makusudi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaweka maziwa ya moto kwenye jokofu bila kuyapoza, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Miaka kadhaa baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni, kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, aliahidi kujaribu. Fundi wa maabara chuoni alipojaribu, akaripoti kwamba kweli ya moto yametangulia, na kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi.

Makala ilichapishwa mwaka 1969, kwa majina ya wote wawili, la mwanafunzi likitangulia. Inaeleza walichofanya na vyombo gani, maji kiasi gani, joto gani. Kwa hiyo ikawezekana kwa watafiti wa Uingereza, mwaka 2016, kupima upya na kutangaza kwamba wao hawakuuona ushahidi wa kutosha. Wengine wamewajibu, na mabishano yanaendelea.