Ufundi wa Kupima Mvua Isiyowahi Kunyesha

Mwaka una siku 365, lakini kwa mtafiti wa viwango vya kupindukia ni siku moja tu yenye neno: ile iliyoleta mvua kubwa kuliko zote. Mkulima wa Naitiri akisikia hivyo atashangaa, maana mahindi yake hayalelewi na siku moja. Yanalelewa na mvua ya kawaida inayoanza Machi na kurudi wiki baada ya wiki mpaka mabua yabebe. Hata hivyo, kalvati haling'olewi na mvua ya kawaida, wala daraja halisombwi na wastani. Tuta la mto huhimili maji ya kila msimu kwa miaka na miaka, kisha hupasuka usiku mmoja. Kuna watu waliojitolea kuukadiria usiku huo kabla haujafika, na kazi yao nataka kuisifu hapa, kwa sababu sijui elimu nyingine inayosema mengi hivyo kwa ushahidi mdogo hivyo, tena bila kudanganya.

Naitiri iko Tongaren, kaunti ya Bungoma, katika nchi ya mahindi inayotandaa hadi Kitale. Mashamba haya yalikuwa ya walowezi, yakagawiwa wakulima wadogo katika miradi ya makazi ya miaka ya 1960. Maji yanayotiririka humu yanaishia Mto Nzoia, unaokusanya mvua ya milima ya Cherang'any na ya Mlima Elgon, ukaporomoka pale Nabuyole karibu na Webuye, kisha ukateremka hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria baada ya safari ya kilomita 250 hivi. Huku juu mvua ikipindukia, sisi tunapoteza kalvati na kipande cha barabara, na gari la mahindi linakwama. Kule chini wanapoteza nyumba. Mei 2020 Nzoia ulipasua matuta ya Budalang'i, na maelfu ya watu wakahama na walichoweza kubeba.

Sasa tazama kazi yenyewe inavyofanywa. Inaanza na chombo kisicho na makuu: kipimamvua, kopo lenye mdomo wa duara lililosimikwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa, katika uwanja wa shule, kituo cha polisi, misheni au ofisi ya chifu. Kila siku saa tatu asubuhi mtu anakiendea, anamimina maji ndani ya glasi nyembamba yenye mistari, anainamisha macho yalingane na uso wa maji, anasoma milimita na sehemu ya kumi ya milimita, kisha anaandika. Kama hakukunyesha, anaandika sufuri. Sufuri hiyo ina kazi yake: bila hiyo, miaka 30 baadaye hakuna atakayejua kama siku hiyo ilikuwa kavu au kama msomaji alikuwa msibani.

Mtafiti huja nyuma ya mtu huyu. Anapewa madaftari, mengine yameliwa na mchwa pembeni, anapekua mwaka kwa mwaka na kutoa tarakimu moja tu kwa kila mwaka, ya siku iliyonyesha kuliko zote. Tuseme anapata miaka 40. Tarakimu zile 40 anazipanga kuanzia kubwa hadi ndogo. Ya kwanza anaipa kipindi cha kujirudia cha miaka 41, ya pili miaka 20 na nusu, ya tatu karibu miaka 14, na kuendelea. Zamani alizichora kwenye karatasi maalumu ambayo mistari yake haikuachana kwa nafasi sawa, iliyopimwa kwa namna ya kuzifanya nukta zijipange karibu na mstari ulionyooka. Siku hizi kompyuta inamfanyia hesabu, lakini swali ni lilelile. Mstari unapita katikati ya nukta, unafika kwenye nukta ya mwisho, kisha fundi anauendeleza mbele. Huko mbele hakuna nukta hata moja. Ndiko iliko mvua ya miaka 100, ambayo pengine hakuna aliye hai Tongaren aliyewahi kuiona, na mhandisi anaisubiri aamue upana wa daraja.

Ni nini kinachompa mtu haki ya kuchora mstari mahali pasipo na nukta? Jibu lilianzia kwenye uzi. Leonard Tippett alikuwa mtafiti wa viwanda vya pamba huko Uingereza, na kwake uimara wa uzi ulikuwa swali la kila siku, kwa kuwa uzi hukatikia pale palipo dhaifu kuliko pote. Nguvu ya wastani haimsaidii mfumaji kitu. Mwaka 1928 yeye na mwanatakwimu Ronald Fisher walionyesha jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha kila nikilifikiria. Chukua vipimo vya aina yoyote, viwe vya uzi, vya mvua au vya mafuriko. Kutoka katika kila fungu kubwa chagua kilichozidi vyote. Vilele hivyo vikituama kwenye umbo lolote, umbo hilo haliwezi kuwa nje ya matatu. Mwanahisabati Boris Gnedenko alikamilisha uthibitisho mwaka 1943. Kwa hiyo ingawa mvua ya Kitale na upepo wa Lamu havifanani kwa lolote katika siku zao za kawaida, siku zao za kupindukia ni za ukoo mmoja.

Maumbo hayo matatu yanatofautiana kwa mkia, yaani ile sehemu ya mwisho yenye vipimo vikubwa na adimu kuliko vyote. Moja lina mkia unaonyauka haraka, kiasi kwamba rekodi mpya huipita ya zamani kwa kidogo tu. Hilo limepewa jina la Gumbel. La pili, la Fréchet, lina mkia mnene, na rekodi yake inaweza kuvunjwa vibaya sana. La tatu, la Weibull, lina ukomo usioweza kuvukwa. Hapa ndipo fundi wa kweli anapotengana na mtu wa kubonyeza vitufe tu. Kwa daftari la miaka 40 maumbo haya yanaweza kukaribiana mno ndani ya nukta zilizopo, kisha yakaachana kabisa ukifika miaka 200 au 1,000. Tafiti nyingi za mvua ya siku moja, kutoka vituo vingi vya dunia, zimeonyesha mkia wake ni mnene kidogo kuliko ule wa Gumbel. Anayechagua mkia mwembamba kwa sababu hesabu yake ni nyepesi anajenga daraja la bei nafuu kwa gharama ya watu watakaolivuka.

Huyo Emil Gumbel mwenyewe anastahili kujulikana. Alikuwa mwanahisabati Mjerumani, na kabla ya kuhesabu mafuriko alihesabu mauaji. Mwaka 1922 alichapisha hesabu ya mauaji ya kisiasa nchini mwake: 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia na 22 ya mrengo wa kushoto, pamoja na adhabu ambazo mahakama zilitoa, nyepesi mno kwa wale na nzito kwa hawa. Kwa msimamo wake huo aliandamwa, na mwaka 1932 akaondolewa Chuo Kikuu cha Heidelberg. Alikimbilia Ufaransa, na mwaka 1940 Marekani. Mwaka uliofuata alitoa makala juu ya kipindi cha kujirudia cha mafuriko ya mito, na mwaka 1958 kitabu kilichokuwa msingi wa fani nzima. Ninaona uzi mmoja unaopita katika kazi zake zote mbili. Ni mtu aliyekataa kuruhusu tukio baya lipotelee ndani ya wastani.

Duniani ufundi huu ulipata heshima yake kwa uchungu. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, Bahari ya Kaskazini ilivunja kingo za Uholanzi na kuua watu 1,836. Serikali iliunda tume, na miongoni mwa waliofanya hesabu alikuwamo mwanahisabati David van Dantzig. Kwa sehemu ya nchi yenye watu wengi zaidi walichagua kingo ambazo uwezekano wa maji kuzipita katika mwaka wowote ni 1 kati ya 10,000. Hawakuwa na kumbukumbu za miaka 10,000. Walikuwa na vitabu vya vipimo vya bahari, nadharia ya mikia, na ujasiri wa kusema wazi wanachokikadiria.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanyika kimyakimya, na bado tunapita juu yake. Mwaka 1974 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilichapisha ripoti ya Fiddes, Forsgate na Grigg juu ya makadirio ya mvua kubwa za Afrika Mashariki, ikafuatiwa miaka miwili baadaye na njia ya kukadiria mafuriko ya mabonde madogo. Ndani yake mlikuwa na ramani. Mhandisi alitafuta mahali pake, akasoma mvua ya saa 24 inayotarajiwa kuzidiwa mara moja kila miaka 2, kisha ramani ya pili ikampa kizidisho cha kumfikisha kwenye mvua ya miaka 10. Nyuma ya kila mstari wa ramani ile kulikuwa na wasomaji wa vipimamvua, siku baada ya siku, wengi wao hawakulipwa chochote.

Ufundi huu pia unatufundisha kusikia namba vizuri. Mtu akiambiwa mvua ya miaka 10 huwaza kwamba ikishanyesha, ana miaka 10 ya amani. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka una nafasi 1 kati ya 10. Kalvati lililopimwa kwa mvua hiyo, likikaa miaka 10, lina uwezekano wa asilimia 65 wa kukutana na mvua iliyolizidi angalau mara moja. Hata daraja la miaka 100, katika miaka 30 ya kwanza, lina asilimia 26. Barabara ikikatika hapa kwetu, mara nyingi tunasema mhandisi ameiba au Mungu amekasirika. Pengine kuna kosa, pengine hakuna. Huenda tulinunua ulinzi wa miaka 10 na siku yake imewadia. Bila hesabu hii hatuwezi kumtetea asiye na hatia wala kumshika mwenye hatia.

Lakini sifa kubwa ya ufundi huu, kwa maoni yangu, ni kwamba unajua mwisho wake na unautaja. Kina cha Ziwa Victoria kilianza kuandikwa mwaka 1896. Mtu aliyesoma kumbukumbu zote hadi 1960 asingeona dalili ya kilichofuata: mvua za mwishoni mwa 1961 zilianza kulipandisha ziwa, na kufikia Mei 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, hadi mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Rekodi hiyo ilidumu miaka 56, ikavunjwa Mei 2020 kwa sentimita moja. Ziwa hubeba maji ya mwaka huu kuyapeleka mwaka ujao, kwa hiyo miaka yake haisimami kila mmoja peke yake kama nadharia ya mwanzo inavyotaka. Na hali ya hewa ya dunia inabadilika, kwa hiyo mvua za 1970 na za leo huenda hazitoki tena kwenye chungu kimoja. Watafiti wa sasa, katika vyuo vyetu na kwingineko, wanaandika hesabu ambazo ndani yake umbo lenyewe linaruhusiwa kusogea kadiri miaka inavyokwenda. Kila jibu lao lina kiwango cha chini na cha juu. Anayekupa namba moja bila mipaka hiyo hajamaliza kazi.

Tena kuna ugumu ambao hisabati peke yake haiwezi kuutatua. Siku yenye thamani kuliko zote ndiyo ngumu kuliko zote kupimwa. Mvua kubwa hujaza kopo likafurika. Mto ukifura hung'oa nguzo ya kupimia kina. Msomaji hushindwa kuvuka kijito kufika kituoni, na daftari linabaki tupu mahali palepale ambapo mtafiti angeweka nukta yake ya kwanza. Ndiyo maana namheshimu sana mtu aliyefika siku hiyo, akapima mara mbili, akaandika. Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema. Dalili ya mvua ya karne imo ndani ya daftari la mtu huyo.

Vipimamvua vya kujitolea nchini Kenya vimepungua sana tangu miaka ya 1970. Setilaiti zinasaidia, lakini zenyewe zinahitaji kusahihishwa na kipimo cha ardhini. Shule ya msingi yenye kipimamvua, glasi na daftari lisiloruka siku inaweza kuwapa watafiti wa mwaka 2060 kitu ambacho hakuna fedha itakayokinunua wakati huo. Walimu wa hisabati wa Naitiri wanaweza kulianza hilo msimu huu.

Na sisi wengine tuna sehemu yetu. Kaunti huita wananchi kutoa maoni juu ya barabara na madaraja, na kwa kawaida tunauliza daraja litajengwa lini na kwa shilingi ngapi. Tuongeze swali la tatu: limepimwa kwa mvua ya miaka mingapi, na kwa kumbukumbu za kituo gani? Mhandisi anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Asiyeweza kulijibu asianze kuchimba.