Kitunda: Ushujaa Usio na Kinga katika Kinjeketile

Uhakiki wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, aghalabu humkazia macho mganga na maji yake. Kitunda, jemadari anayewafunza na kuwaongoza wapiganaji, hubakia kivulini. Na anapotajwa, hutajwa kama mtu wa shaka. Usomaji wa aina hii unampunja mhusika huyu, na kuifinya dhana ya kujitoa mhanga katika tamthilia nzima.

Shaka ya Kitunda haitokani na woga. Mpiganaji anayeamini kwamba risasi itageuka maji haoni hatari mbele yake, na hivyo ushujaa wake haujatiwa mizanini. Jemadari asiye na hakika ya kinga hiyo, na hata hivyo akabeba dhamana ya kuwaongoza watu vitani, ndiye anayejua gharama ya kila hatua.

Umuhimu wake hudhihirika zaidi tamthilia inapolinganishwa na historia. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku 26 kabla ya maelfu ya wapiganaji kulishambulia boma la Mahenge na kufyekwa kwa bunduki za rashasha. Hussein anamwacha mganga hai hadi baada ya kushindwa, ili wawili hawa wakabiliane kifungoni. Hapo Kitunda anamsihi mwenzake ayakanushe maji. Kinjeketile anakataa, kwani kukanusha kutawapa Wajerumani hoja ya kuwaaminisha vizazi vijavyo kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa.

Ni rahisi kumpa Kinjeketile ushindi katika mjadala huu, na mtunzi mwenyewe anaelekea kuegemea huko. Lakini Kinjeketile analinda neno, ilhali Kitunda anawajibika kwa miili. Mmoja anawatazama watakaozaliwa. Mwingine hawezi kuwasahau waliomfuata wasirudi. Ombi la jemadari, basi, si usaliti. Ni kauli ya kiongozi ambaye, baada ya kuhatarisha uhai wake, yuko tayari kutoa hata heshima yake ili ukweli usemwe.

Bila neno la Kinjeketile, makabila yasingeungana. Bila Kitunda, neno hilo lisingekuwa jeshi. Uhakiki unaomtukuza wa kwanza na kumpuuza wa pili hurithi kosa lile lile la wapiganaji: kuyategemea maji na kumsahau binadamu aliyesimama nyuma yake bila kinga.