Kuingiana si Kuafikiana: Istilahi za Kuunganishia Mitambo ya Kunasia Sauti

Istilahi zitumikazo katika kutafsiri miongozo ya mitambo ya kunasia sauti zina kasoro moja kubwa: huficha chanzo cha hitilafu. Mathalani, mtu mwenye kinasa sauti cha njia nyingi cha mfumo wa FireWire hukiunganisha na kompyuta mpakato ya siku hizi, asipate sauti yoyote. Kiswahili tulicho nacho humwambia tu kuwa vyombo hivyo "havioani". Neno hilo si baya, lakini limebebeshwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Mwandishi wa hati ya zabuni na mwalimu wa mafundi hawana budi kuyatenganisha, ama sivyo fedha za umma zitanunua waya usiofaa kitu.

Jambo la kwanza ni umbo. FireWire ilisanifiwa mwaka 1995 kwa jina la IEEE 1394, na plagi zake ni za pini 4, 6 au 9. Kompyuta mpakato nyingi za leo zina matundu ya USB-C, na plagi hizo haziingii humo kamwe. Kwa hali hii twapendekeza kitenzi kuingiana, ambacho seremala na fundi bomba wamekwisha kukizoea. Kifaa kirekebishacho umbo peke yake kibaki kuitwa adapta.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ndilo linalopotoshwa mno. Sauti ya chaneli moja, ikipimwa kwa biti 24 mara 48,000 kila sekunde, hudai biti 1,152,000 kwa sekunde. Chaneli 16 basi hudai megabiti 18 na ushei. USB ya awali ilikuwa na kikomo cha megabiti 12, ilhali FireWire ya kwanza ilifikia 400, tena iliweza kutenga nafasi maalumu kwa sauti ili isikatike njiani. Ndiyo sababu waundaji wa mitambo ya kunasia waliichagua. Lakini taratibu za mifumo hiyo miwili ni mbali kabisa. Zipo nyaya zenye plagi ya FireWire upande mmoja na ya USB upande wa pili; zinaingiana barabara, na kinasa sauti kinabaki bubu, kwa kuwa hapana kitu katikati kinachofasiri. Aidha, Thunderbolt 3, iliyotangazwa mwaka 2015, hutumia tundu lenye umbo lile lile la USB-C. Matundu mawili yanaweza kufanana kama pacha na yasifanye kazi moja.

Hapa twapendekeza kuafikiana. Neno hili lina nasaba moja na itifaki, ambalo wanakompyuta hulitumia kwa maana ya utaratibu wa mawasiliano. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Tulifikiria pia kusikilizana, neno tamu, lakini katika taaluma ya sauti lingeleta mzaha usiotakiwa. Kifaa kigeuzacho itifaki kiitwe kigeuzi, kisiitwe adapta.

Jambo la tatu ni kutambuana. Mwaka 2012 kampuni ya Apple ilitoa kigeuzi cha kutoka Thunderbolt kwenda FireWire, na kwa miaka mingi watu waliunganisha vyombo vyao vya zamani kwa mnyororo wa vigeuzi na adapta. Mwaka 2025 mfumo endeshi wa macOS Tahoe ukaondolewa uwezo wa kushughulikia FireWire. Nyaya ni zile zile, itifaki ni ile ile, ila kompyuta haikitambui tena kinasa sauti. Kumwambia mtumiaji huyu atafute waya mwingine ni kumpoteza.

Programu inayokijulisha chombo kwa mfumo endeshi huitwa na wengi "kiendeshi". Neno hilo hilo hutumika kwa kifaa cha kusomea diski. Msomaji aambiwaye "weka kiendeshi kwanza" aweza kwenda dukani kutafuta chombo, kumbe anahitaji programu. Twaona afadhali programu tambulishi.

Limebaki neno kiolesura, ambalo limeenea sana na hatudhani kuwa litaondoka. Limeundwa kwa kitenzi kuola, yaani kutazama, pamoja na sura; kwa hiyo linafaa sana kwa kile mtu anachokiona katika kioo cha kompyuta. Lakini wafasiri wamelipeleka hata kwenye kisanduku kinachopokea sauti kutoka katika maikrofoni na kuigeuza kuwa tarakimu. Katika kisanduku hicho hapana sura ya kutazamwa. "Kiunganishi" nacho walimu wa sarufi wana haki ya kukikataa, maana ni aina ya neno. Sisi twapendekeza kipatanishi cha sauti, kwa kuwa kazi yake hasa ni kupatanisha pande mbili zisizojuana.

Kuhusu "nyimbo nyingi", tuliyoiona ikitumika kwa kinasa sauti cha njia nyingi, hatuna haja ya kusema mengi. Njia ni mahali sauti moja inaponaswa peke yake, iwe ngoma, zeze au mwimbaji. Njia 8 zaweza kuwa wimbo mmoja tu.